Ndoto ya Subaru imepanda bei: Mbona ndai za kasi hazishikiki tena, na mlango gani bado uko wazi

Jioni yoyote ile, kaa tu hapo stage ya Muhoroni. Utaisikia kabla hujaiona. Ule mngurumo mzito unaokatika-katika, kama msee anapiga pipa tupu kwa ngumi, unatokea upande wa Chemelil. Watu wa boda wanageuza shingo. Kijana wa shule anataja modeli na mwaka kabla gari haijafika. Halafu Subaru inapita, trekta ya miwa inabaki na vumbi lake, na kila mtu pale anajiambia kimoyomoyo: siku moja, siku moja tu.

Kisha unashika simu, unacheki bei. Hiyo siku moja inasogea tena.

Hauko peke yako. Hatuongelei Porsche wala Ferrari hapa, hizo ni za masonko. Tunaongelea zile gari za kasi ambazo mtu wa mshahara angeweza kuziota bila kuchekwa: Subaru WRX na STI, Mitsubishi Evo, Golf GTI. Gari ambazo fundi wa kiwanda, mwalimu, au mkulima mwenye ekari zake za miwa angejibana miaka kadhaa akaipata.

Ukiuliza mbona zimepanda, wengi watakuambia ni dola. Wengine watakuambia ni tamaa ya madalali. Ukweli ni kwamba mlango una kufuli tatu, na dola wala si kubwa kati ya hizo. Tuzicheki moja moja.

Kufuli ya kwanza: umri

Kenya hairuhusu gari mtumba yeyote ile kuingia. Kanuni ya KEBS inayoitwa KS 1515 inasema gari iwe na usukani wa kulia, na isizidi miaka nane tangu isajiliwe mara ya kwanza kule ilikotoka. Kila Januari mosi, mlango unasogea mwaka mmoja. Mwaka 2025 ilikuwa gari za 2018 kuja mbele. Mwaka 2026 ni 2019 kuja mbele. 2027 itakuwa 2020.

Kwa mtu anayetaka Probox au Fielder, hiyo si shida. Mwaka ukisogea, kuna zingine zimeundwa, anachukua ya mbele. Lakini wewe unayetaka gari ya kasi una tatizo tofauti: mara nyingi gari unayoitaka haiundwi tena.

Chukua Evo. Mitsubishi walitoa toleo la mwisho la Lancer Evolution X kule Japan mwaka 2015, gari 1,000 tu, wakafunga kazi. Hesabu miaka nane kutoka hapo. Evo ilifungiwa nje kitambo.

Subaru nayo iko kwa foleni hiyo hiyo. Ile STI yenye injini ya EJ20, ambayo ndiyo roho ya huo mngurumo wote, ilifika mwisho Japan mwaka 2019. Waliiaga kwa toleo maalum la gari 555 pekee. Hiyo namba haikutoka hewani. Ndiyo iliyokuwa ubavuni mwa zile Impreza za buluu za timu ya Subaru, Colin McRae alipochukua ubingwa wa dunia mwaka 1995. Halafu mwaka 2022, Subaru wakasema wazi kwamba WRX mpya haitapata STI ya petroli.

Sasa piga hesabu pole pole. STI iliyosajiliwa 2019 ina hadi Desemba 2026 kuingia Kenya. Chache zilizochelewa zikasajiliwa 2020 zina hadi Desemba 2027. Kanuni ikibaki ilivyo, Januari 2028 ikifika hakuna hata moja itakayoruhusiwa kushuka Mombasa.

Na hapa ndipo mtu wa Muhoroni anaumia kuliko wengine. Muwa unakaa shambani kama mwaka na nusu kabla ya kukatwa. Ukipanda leo ukisema pesa ya mavuno ndiyo ya gari, kabla trekta haijaingia shambani Januari itakuwa imepita mara moja, pengine mbili. Wewe unangoja muwa ukomae, na gari yako ya ndoto inazeeka mpaka inakataliwa bandarini.

Kwa hivyo zile zilizoko Kenya tayari ndizo zilizoko. Fikiria bwawa la samaki ambalo haliingizi maji mapya wala vifaranga. Watu wanavua kila siku. Moja imegonga lori, nyingine injini imekufa ikauzwa vipande vipande, nyingine imefungiwa garage na tajiri asiyetaka kuuza. Zinazobaki, hata kama zimechoka, bei yake haishuki. Ndio maana unaona gari ya zaidi ya miaka kumi na mwenyewe anataja bei bila aibu. Anajua hauna kwingine pa kwenda.

Kufuli ya pili: ushuru

Hii ndiyo inauma watu bila wao kujua inawaumaje. Kitu cha kwanza cha kushika: KRA hawatozi ushuru kwa bei uliyonunulia gari. Wana orodha yao ya bei za magari yakiwa mapya, ile inaitwa CRSP. Wanachukua bei hiyo, wanaipunguza kulingana na umri wa gari, kisha wanapata thamani ya forodha. Hiyo ndiyo inakatwa ushuru.

Maana yake? Ukipata dili kali kwa mnada Japan, dili ni yako na muuzaji. KRA haiwahusu. Na kwa miaka kadhaa walikuwa wanatumia orodha ya 2019, mpaka walipotangaza mpya mwaka 2025. Bei za magari mapya duniani zilikuwa zimepanda sana katikati hapo, kwa hivyo modeli nyingi zikaruka.

Sasa tuweke namba. Tuseme KRA wameamua thamani ya forodha ya gari yako ni milioni moja, na injini ni ya lita 2.0. Kwa viwango vya 2025, mambo ni hivi:

– Ushuru wa forodha, asilimia 35: Sh350,000.
– Ushuru wa bidhaa, asilimia 25, unaopigwa juu ya milioni moja pamoja na ile 350,000: Sh337,500.
– VAT, asilimia 16, juu ya hizo zote zikijumlishwa: Sh270,000.
– Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5: Sh25,000.
– Tozo ya reli, asilimia 2: Sh20,000.

Jumla ni Sh1,002,500. Soma tena hiyo namba. Gari ya thamani ya milioni moja imezaa ushuru wa milioni moja na ngiri mbili u nusu. Unanunua gari mbili, unaendesha moja.

Angalia pia huo mtindo wa ushuru juu ya ushuru. Ushuru wa bidhaa unapigwa juu ya forodha, VAT inapigwa juu ya zote mbili. Kwa hivyo kiwango cha kwanza kikipanda kidogo, vyote vinavyofuata vinapanda nacho. Ndicho kilichotokea Julai 2023, forodha ilipotoka asilimia 25 ikawa 35. Kabla ya hapo, gari hiyo hiyo ingelipiwa Sh867,500. Tofauti ni ngiri 135 kwa kila milioni ya thamani. Kwa gari ya thamani ya milioni mbili, hiyo ni zaidi ya robo milioni imeongezeka, na wewe hujaongezewa hata kikombe cha kuwekea soda.

Kufuli ya tatu: dunia nzima inataka unachotaka

Turudi kwa hadithi ya dola. Ni kweli shilingi iliumia. Mwanzo wa 2020 dola moja ilikuwa kama Sh101. Januari 2024 ikagusa Sh160. Lakini baadaye mwaka huo ikarudi na kutulia karibu Sh129, na bei za ndai hazikurudi nayo.

Kuna jambo ambalo dalali hatakuambia. Magari haya mengi yananunuliwa Japan, kwa yen. Na yen yenyewe imeanguka vibaya kuliko shilingi. Mwanzo wa 2020 shilingi moja ilinunua yen moja na senti kidogo. Kati ya 2024 ilinunua zaidi ya yen 1.2. Yaani mbele ya yen, pesa yetu ilikuwa na nguvu zaidi kuliko kabla ya korona. Ingekuwa ni mambo ya kubadilisha pesa tu, gari ingeshuka bei.

Mbona haikushuka? Kwa sababu yen dhaifu haikufungulia wewe pekee. Ilifungulia kila mtu. Kwa mnada ule ule anakaa mnunuzi wa Australia, wa Uingereza, wa Dubai, wa New Zealand. Wote wanajua STI haitaundwa tena, wote wana simu, wote wanabonyeza.

Marekani nao wameingia kwa njia yao. Sheria yao inaruhusu gari ya nje isiyokidhi viwango vyao kuingia ikifika miaka 25. Impreza WRX STI ya kizazi cha pili ilitoka Japan mwishoni mwa 2000, na Evo VII mwaka 2001. Piga hesabu: ndiyo kwanza zimeanza kukubalika kule. Wewe huwezi kuagiza gari ya umri huo, sawa. Lakini ile bodi kuukuu iliyokuwa inakatwa Japan ikaletwa kama spea, sasa kuna Mmarekani anaitaka nzima. Injini, giaboksi na taa za Subaru ya zamani unayoendesha hapa zinapiganiwa na watu wenye dola.

Kununua ni mlango, kuishi ndani ni kitu kingine

Omera, tuseme umeipata. Kuna mambo manne ya kuweka kwa bajeti kabla hujaita mbogi kusherehekea.

Moja, petroli. Gari za turbo za Japan zilipangwa kutumia petroli yao ya hali ya juu yenye oktani 100. Super ya kawaida hapa haifiki hapo. Ukiweka super ya kawaida halafu unakanyaga mpaka mwisho, mafuta yanawaka kabla ya wakati ndani ya silinda, na injini inajipiga yenyewe kwa nyundo. Pistoni zinapasuka. Kama mwenye gari wa kwanza alienda kuongezewa nguvu ya turbo bila injini kupangwa upya, hatari inakuwa maradufu.

Mbili, mkanda wa timing. EJ20 inatumia mkanda, si cheni. Mara nyingi unabadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Kama hakuna risiti ya kuonyesha ulibadilishwa, chukulia haukubadilishwa. Ukikatika, vali na pistoni zinakutana, na hapo unatafuta injini nyingine.

Tatu, spea. Kitu kidogo utapata jua kali Kisumu. Vikubwa vinatoka Nairobi, Grogan na Kirinyaga Road, na hapo ndipo unajua ile vita ya Wamarekani inakuhusu.

Nne, bima. Gari ikishazeeka, kampuni nyingi hazitaki kukupa comprehensive, zinakupa ya third party tu. Maana yake ukiigonga wewe mwenyewe, hasara ni yako peke yako. Gari ambayo haiwezi kupatikana tena, na haina wa kukulipa ikiisha.

Mitego ya soko

Bei ikipanda namna hii, wakora wananusa. Kama unanunua iliyoagizwa karibuni, itisha karatasi ya mnada, kisha itafute mwenyewe kwa namba ya chasi. Usikubali picha ya WhatsApp pekee. Kwa karatasi hiyo gari hupewa gredi, na ukiona R au RA, jua iligonga ikatengenezwa. Si lazima uikimbie, lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na ya ile safi.

Kama ni ya hapa nyumbani, fanya utafutaji wa rekodi kwa NTSA kupitia eCitizen kabla hujatoa hata shilingi ya kushika gari. Angalia jina la mwenyewe, angalia kama kuna benki au sacco inayodai. Hakikisha namba ya injini kwa logbook ndiyo iliyo kwa gari, kwa sababu hizi gari zinabadilishwa injini kama viatu. Na usinunue usiku, usinunue gari injini ikiwa tayari moto. Mwambie mwenyewe aiache ipoe kabisa, uiwashe wewe asubuhi. Moshi wa buluu na kelele za asubuhi hazidanganyi.

Na WRX ambayo mtu amebandika bawa na maandishi ya STI haigeuki STI. Wasee wameuziwa stika kwa bei ya injini.

Mlango ambao bado uko wazi

Sasa habari njema. Rudi kwa ile hesabu ya ushuru. Gari ya cc 1,500 kushuka chini inalipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, si 25. Kwa thamani ya milioni moja, jumla inakuwa Sh924,200. Umeokoa Sh78,300 kwa kila milioni. Na thamani yenyewe kwa orodha ya KRA kwa kawaida huwa ndogo, kwa hivyo unaokoa mara mbili.

Watu wanadharau gari ndogo. Wasichojua ni kwamba kuna gari ndogo zilizoundwa na watu wenye wazimu mzuri. Suzuki Swift Sport iliyoanza 2017 ina injini ya turbo ya cc 1,371, na ya manual ina uzito wa kilo 970 tu. Mazda Roadster ya Japan, ile ya viti viwili na paa la kufungua, iko na injini ya lita 1.5. Mazda Demio ya 15MB ni ya manual na iliundwa kwa watu wa mashindano. Honda Fit RS nayo iko hapo hapo kwa 1.5.

Hizi hazitakupa mngurumo wa EJ20, tusidanganyane. Lakini raha ya kuendesha haitoki kwa nguvu tupu. Gari nyepesi inakata kona haraka, inasimama haraka, inakula petroli kidogo, na tairi na breki zake hazitakufanya uuze ng'ombe. Roadster iko chini sana kwa matuta yetu, hiyo fikiria mara mbili. Swift haina shida kubwa.

Kama bado unaona gari ndogo ni za watoto, kumbuka Safari Rally ya 1993. Subaru walileta Vivio, gari ya cc 660, ndogo kuliko injini za pikipiki kubwa. Colin McRae alikuwa na moja, hakumaliza. Patrick Njiru, Mkenya wetu, aliifikisha mwisho na akashinda daraja lake. Hakuwa na nguvu kuliko McRae. Alijua barabara, na alijua gari yake inaweza nini na haiwezi nini.

Na kama unaona aibu kununua ya mtumba, cheki hapo jirani Kericho, alikozaliwa Joginder Singh mwaka 1932. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na timu ya kiwanda, yaani gari ya mkono wa pili. Walianza na namba moja ubavuni, wakamaliza namba moja. Baadaye Joginder alirudi akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Hadithi kubwa ya gari za kasi huku kwetu ilianza na mtumba uliotunzwa vizuri.

Moja ya mwisho, na hii si mchezo

Gari ikiwa ghali namna hii, mtu akiipata anataka ionekane. Na barabara ya Chemelil kwenda Muhoroni usiku si mahali pa kuonekana. Msimu wa kukata miwa, trela linakuwa limejaa mpaka juu, mara nyingi bila taa hata moja nyuma, linatembea mwendo wa mtu mzee. Ukiwa na kilomita 120 kwa saa, unasafiri zaidi ya mita 33 kila sekunde. Taa zako zikilimulika trela, huwa umebaki na sekunde mbili au tatu, na moja inaisha kabla mguu haujagusa breki. Muwa unaingia kwa kioo cha mbele.

Kama unataka kukanyaga kwa ukweli, subiri siku za autocross, pahali barabara imefungwa na kuna watu wa kukutoa ikipinduka. Ule mngurumo ni mtamu stage kwa sababu watu wanajua mwenye gari atafika nyumbani.

Kwa hivyo, msee wangu, kama roho yako imekataa kitu kingine isipokuwa STI, saa inakimbia na sasa unajua tarehe. Usikope sacco kwa pupa, lakini usingoje bei ishuke pia, kwa sababu hakuna kitu cha kuishusha. Na kama unachotaka ni raha ya kuendesha tu, achana na foleni hiyo ndefu. Tafuta ka-Swift ka manual, badilisha oili kwa wakati, jifunze kona moja moja. Pale stage hawatageuza shingo mara ya kwanza. Wakikuona unapita kila wiki, mwaka baada ya mwaka, gari ikiwa bado nzima, watauliza wenyewe umeinunua wapi.